Bei ya Volvo kuukuu si gharama yake

Majuma machache yaliyopita, jirani yangu mmoja, mzee mstaafu wa utumishi wa serikali, alinijia jioni akanieleza kwamba ameamua kuliuza gari lake. Ni Volvo 240 iliyoundwa mwaka 1986, rangi yake ya samawati imefifia, nayo imekuwa ikilala chini ya mwembe wake tangu kabla wanangu hawajazaliwa. "Daktari," akasema, "nakupa wewe nafasi ya kwanza kabla sijawaendea madalali." Bei aliyoitaja haikuzidi sana bei ya pikipiki mpya. Usiku huo nilikesha nikipiga hesabu.

Nayaandika haya kwa kuwa najua si mimi peke yangu niliyewahi kukeshwa na hesabu ya namna hiyo. Mwalimu mwenye mkopo wa chama cha akiba mkononi, na kijana aliyehitimu juzi na kupata kazi, wote hujikuta siku moja wamesimama mbele ya gari kuukuu lenye jina kubwa na bei ndogo. Sisi tuliozaliwa katika miaka hiyo tulikua tukiiona Volvo kuwa gari la wakubwa. Ilipopita kijijini, watoto tulisimama kando ya njia. Leo mkubwa ameshuka bei, nasi tunadhani wakati wetu wa kupanda umefika. Lakini je, tunachonunua ni gari, au ni ile heshima tuliyoitazama utotoni?

Niruhusiwe kuanza na maneno, kwa maana ndiyo kazi yangu. Jina Volvo ni la Kilatini, na maana yake ni "nabingirika". Ni jina la kweli, mradi gari liwe linakwenda. Maneno mawili ya kwetu, hata hivyo, yanatufaa zaidi hapa. Neno "bei" tumelipata kutoka kwa Waarabu, na kwao asili yake ni tendo la kuuza. Mkono ukishapokea na mwingine ukatoa, tendo limekwisha. Neno "gharama" nalo ni la Kiarabu, na huko maana yake mojawapo ni faini, yaani malipo ya adhabu. Sisi huyatumia maneno haya kama ndugu pacha. Hayafanani hata kidogo. Bei hulipwa siku moja, lakini gharama hulipwa kila mwezi, na asiyeitarajia huilipa kama faini.

Tusiidhulumu Volvo. Sifa zake hazikuokotwa njiani. Kampuni hiyo ya Sweden ilitoa gari lake la kwanza mwaka 1927. Mwaka 1959 mhandisi wake, Nils Bohlin, alibuni mkanda wa kiti unaofungwa mahali patatu, nayo kampuni ikawaachia watengenezaji wengine wautumie. Abiria wa matatu za Kenya waliokuja kulazimishwa kufunga mikanda mwaka 2004, enzi za Waziri John Michuki, walinufaika na fikra iliyoanzia hukohuko. Na kuhusu kudumu, yuko Mmarekani Irv Gordon, mwalimu wa sayansi, aliyenunua Volvo P1800 mwaka 1966 na kuiendesha hadi ikapita maili milioni tatu mwaka 2013. Hizo ni zaidi ya kilomita milioni 4.8. Mwalimu mwenzetu!

Wauzaji hupenda kumtaja Gordon, ila hukomea katikati ya hadithi. Gari lile halikudumu kwa sababu ya jina lake. Lilidumu kwa kuwa mwenyewe alilinunua likiwa jipya, akalibadilishia oili kwa wakati, na hakungoja kitu kivunjike ndipo akitazame. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayenunua gari la miaka karibu arobaini hununua pia nyufa zote ambazo wenyewe waliotangulia hawakuziba.

Hebu tuzitazame nyufa hizo. Volvo 240 iliundwa kuanzia 1974 hadi 1993, hivyo hata iliyo changa kabisa imepita miaka thelathini. Kanuni zetu hazimruhusu mtu kuingiza nchini gari kuukuu lililozidi miaka minane, kwa hiyo zilizopo haziongezeki. Hupungua tu, na kipuri cha moja mara nyingi hutoka katika maiti ya nyingine. Mwenye Toyota akiharibikiwa mjini hupata kipuri kabla ya adhuhuri. Mwenye Volvo kuukuu huenda akazunguka Barabara ya Kirinyaga kutwa nzima, kisha akaagiza ng'ambo na kungoja.

Yapo pia maradhi ya ukoo. Katika 240 nyingi, gia ndogo ya plastiki inayozungusha tarakimu za kilomita huvunjika, na tarakimu zikasimama huku gari likiendelea kula barabara. Basi usimwamini muuzaji anayekuonyesha kilomita chache. Nyaya za injini za magari yaliyoundwa mwanzoni mwa miaka ya themanini hadi 1987 zilivikwa ngozi inayochanika na kumomonyoka kwa joto, na gari likaanza kuzimika bila sababu inayoonekana. Halafu kuna petroli. Tuchukue kwamba gari hilo lenye injini ya lita 2.3 huenda kilomita 8 kwa lita mjini, na gari dogo huenda 14. Kwa kilomita 1,200 kwa mwezi, la kwanza litakunywa lita 150 na la pili lita 86 hivi. Zidisha tofauti hiyo ya lita 64 kwa bei inayotangazwa na EPRA kila tarehe 14, kisha utazame karo ya mwanao.

Nilirudi kwa mzee nikamwomba kumbukumbu za gari. Akaniletea daftari la shule lililochakaa pembeni. Tangu mwaka 1991 alikuwa ameandika kila oili, kila breki, kila pampu ya maji. Nyaya zile zilibadilishwa mwaka 1999. Sijapata kuona ushahidi wa uaminifu uliozidi huo. Nikaketi nikajumlisha. Fedha alizotumia kulitunza zilikuwa zimeipita bei aliyolinunulia mara kadhaa. Daftari lile ndilo lililonishawishi, na ndilo lililonizuia.

Hukumu yangu ni hii. Volvo kuukuu si gari baya, bali ni gari la mtu mwenye bei mara mbili: moja ya kumpa muuzaji na nyingine ya kuweka kando isiguswe. Awe pia na fundi anayelijua gari hilo, na njia nyingine ya kufika kazini siku litakapolala gereji. Kabla ya kulipa, gonga gogo usikie mlio wake: liwashwe likiwa baridi, litazamwe chini kama lina kutu, mpira wa breki na mikanda ya viti ikaguliwe, na umiliki uthibitishwe kwa NTSA. Mwenye bei moja tu, tena ya mkopo, asijaribu. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma.

Mimi nina bei moja, na binti anayeingia chuo mwaka ujao. Nilimrudishia mzee daftari lake, nikamweleza ukweli wote. Nilidhani atakasirika. Alilifunga polepole, akalipangusa vumbi kwa kiganja. "Afadhali umekataa leo, Daktari," akasema. "Wengi hukubali, halafu wakaliacha gari life."