Safari ya Ziwani Ipangwe na Watu Wote wa Nyumbani

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi wazazi ambao gazeti hili huwafikia ndani ya sanduku la mwanafunzi pamoja na nguo chafu, naomba nafasi niseme neno juu ya matembezi. Sisemi safari za arusi wala za msiba, maana hizo twazijua sana. Nasema safari ya watu wa nyumba moja kwenda kukaa siku mbili tatu kando ya ziwa, kulala katika banda la mbao, kuota moto usiku na kutazama maji. Wako wasemao kwamba hayo ni mambo ya watalii. Mimi sikubali. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, na karibu nusu yake ni ya Tanzania. Itakuwa ajabu mgeni atoke Ulaya kuja kulitazama, nasi tulio mwendo wa nusu siku kwa basi tulijue kwa ramani tu na kwa sangara wa kukaanga.

Basi watu na waende. Neno langu ni juu ya namna ya kupanga, nami nitalieleza kwa mambo yaliyotupata sisi wenyewe.

Disemba 2024 baba alitutendea jambo jema. Alikuwa ameweka fedha kidogo kidogo tangu Pasaka bila kumwambia mtu, akakodi mabanda mawili kando ya ziwa katika mkoa wa Mwanza, na gari la kutupeleka, kisha jioni moja baada ya chakula akatangaza kwamba kesho kutwa tunasafiri. Tulipiga makofi. Mama naye alipiga makofi, halafu akainuka akaenda kuloweka maharage. Wakati ule sikuona maana ya kuinuka kwake.

Tulikuwa watu wanane pamoja na bibi. Tulichukua redio kubwa, mpira na mikeka mitatu, lakini chumvi tuliisahau, na chandarua kilikuwa kimoja tu, na mbu wa ziwani hawana likizo. Siku ya kwanza mama aliamka kabla ya jua akawasha mkaa. Ikawa chai, vikawa vyombo, kikawa chakula cha mchana, vikawa vyombo tena, mpaka usiku. Mahali pa kupikia palielekea ziwani. Tumefundishwa katika Jiografia kwamba mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na kwa hiyo upepo hutoka ziwani kuja pwani. Basi moshi wote ulimwingia mama machoni, nasi wengine tulikaa chini ya mwembe tukiusifu upepo ule ule. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Kwa kweli mama hakwenda matembezini. Alihamisha jiko lake tu.

Siku hiyo ya pili, yapata saa nane mchana, mdogo wetu wa mwisho, mwenye umri wa miaka sita, aliingia majini peke yake. Baba alidhani yuko na bibi. Bibi alidhani yuko nami. Mimi nilidhani yuko na mama, kwa kuwa siku zote mama ndiye ajuaye watoto walipo. Na mama alikuwa ameinamia sufuria. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika dagaa alipiga ukelele, akatupa ungo wake, akakimbia. Maji yalikwisha kumfika mtoto kifuani, naye alikuwa akiifuata ndala yake iliyonasa katika matete. Alitolewa na mwanamke yule. Hakutolewa na mmoja wetu, nasi tulikuwa watu wazima na vijana sita pale pale. Baba hakusema neno mpaka usiku.

Tena penye matete na maji yaliyotulia ndipo konokono wa kichocho wapendapo kukaa. Vijidudu hutoka katika konokono hao, wengi wao saa za jua kali, yaani saa zile zile ambazo watoto hutamani kuoga, nao hupenya ngozi bila mtu kusikia kitu. Ilitubidi twende kupimwa majuma kadhaa baadaye, kwa kuwa ugonjwa huo hauonekani upesi katika kipimo. Aliyetupeleka, bila shaka mmekwisha kukisia, ni mama.

Nilirudi shuleni mwezi wa Januari nikiwa na mawazo mengi. Hapa bwenini hakuna ndoo isiyokuwa na jina la mtu. Ubao wa zamu huonyesha nani afagie, nani achote maji, nani afunge madirisha mvua ikija. Wageni wa Kidato cha I huuchukia ubao ule, nami niliuchukia. Lakini nikajiuliza: kama pale ziwani pangalikuwa na ubao, na juu yake limeandikwa jina langu, saa saba mpaka saa tisa, kutazama maji, je, ningalikaa chini ya mwembe? Sikuwa mvivu siku ile. Sikutajwa tu, wala hakutajwa mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo likizo ya Juni nilimwomba baba ruhusa, tukakaa wote barazani kupanga safari ya Disemba hii ya 2025, nitakapokuwa nimemaliza mtihani wa Taifa. Kazi ya kwanza katika orodha ni mtazama maji. Huyo hapiki, hachezi, hashiki simu. Akitaka kuondoka humwita mwenzake kwa jina na kungoja aitikiwe. Kazi za jiko tumezigawa kwa watu wote, wa kiume na wa kike. Rafiki yangu mmoja bwenini alinicheka kwa hilo. Nilimjibu kwamba wapishi wa shule yetu ni wanaume, wala sijamwona yeye akiukataa ugali wao.

Baba alitaka twende Rubondo, kisiwa kilichofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977, ambako kuna tembo, twiga, na sokwe walioletwa kutoka Ulaya katika miaka ya 1960. Bibi aliposikia kwamba maji ya huko yana mamba alisema huko ndiko hasa, maana mtoto hataingia majini. Lakini nauli ya mashua kwa watu wanane ilitushinda. Tumeafikiana kulala katika mabanda ya bara na kwenda Saanane kwa siku moja, kisiwa kidogo karibu kabisa na mji wa Mwanza, chenye mawe makubwa na pimbi wengi, ambacho nacho ni Hifadhi ya Taifa tangu 2013. Vyandarua vitakuwa vinne.

Nakubali kwamba furaha ya kushtukizwa imepotea. Makofi ya jioni ile hatutayapata tena, na nadhani baba anayasikitikia kidogo.

Mama aliulizwa mwisho, jambo ambalo lilikuwa kosa letu jingine. Alisema anataka kitu kimoja: asubuhi moja alale mpaka jua lipande, na asiulizwe na mtu chumvi iko wapi. Tumeandika ni siku ya kwanza. Mpishi wa siku hiyo ni mimi, na wadogo zangu wamekwisha kumwomba baba anunue mikate.