Tamko: Mtihani wa Kompyuta Upime Elimu, Usipime Ulemavu

Sisi, wanafunzi wenye ulemavu, wazazi na walimu tuliojumuika katika chama chetu hapa Lubutu, jimbo la Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tunatoa tamko hili kwa wakuu wa vyuo vikuu na taasisi za elimu ya juu, kwa wizara inayohusika, kwa serikali ya jimbo mjini Kindu, na kwa kila anayetunga au kusimamia mitihani.

Vijana wetu wakishafaulu mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari hufunga safari kwenda Kindu au Kisangani kutafuta elimu ya juu. Wamo wasioona, wamo viziwi, wamo wenye ualbino, wamo walioumizwa na vita au kupoozwa na polio, ugonjwa uliozuka tena Maniema mwaka 2017. Sisi hatupingi mtihani wa kompyuta. Kwa asiyeona, kompyuta iliyoandaliwa vizuri inamwezesha kusoma swali mwenyewe na kulijibu mwenyewe, bila kusomewa na mtu. Tunachokataa ni kuletewa mtihani ambao tayari umemfungia nje mwanafunzi, kisha aambiwe siku ya mtihani kwamba atafikiriwa.

Kufikiriwa si haki, haki imeandikwa. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2006 kinawapa watu wenye ulemavu ulinzi maalumu. Mwaka 2015 nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 24 ya mkataba huo inagusa elimu ya juu waziwazi, na ibara ya 2 inasema kwamba kumnyima mtu marekebisho yanayofaa ni ubaguzi. Ikaja Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, inayolinda na kukuza haki za watu wanaoishi na ulemavu. Linalobaki ni kuzitekeleza haki hizi katika chumba cha mtihani.

Kizuizi chenyewe mara nyingi ni kidogo. Mwanafunzi asiyeona anavaa visikilizio, programu ya kusoma skrini inaanza kazi. Ikiwa mtengenezaji wa mtihani hakuvipa majina vitufe vya majibu, sauti inamwambia tu: kitufe, kitufe, kitufe. Ikiwa swali limebandikwa kama picha, sauti inanyamaza. Ikiwa jibu linachaguliwa kwa kipanya peke yake, asiyeona na mwenye mikono isiyotulia wote wamekwama, na saa iliyo pembeni ya skrini inaendelea kuhesabu.

Kwa hiyo tunadai mambo haya:

1. Kanuni za mitihani za kila chuo zitaje marekebisho kwa wenye ulemavu, na mwanafunzi aulizwe mahitaji yake anapojiandikisha, si asubuhi ya mtihani.

2. Programu ya mtihani isinunuliwe wala kutumiwa kabla ya kujaribiwa na wanafunzi wenye ulemavu wenyewe. Ifanye kazi kwa kibodi pekee, ikubali kisoma skrini, na iruhusu kukuza maandishi na kupunguza mwanga.

3. Muda wa ziada uwekwe kwenye programu mapema. Baraza la Mitihani la Tanzania huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 katika masomo mengine. Vyuo vyetu navyo viweke kiwango kinachojulikana.

4. Kila tangazo la msimamizi lionekane pia kwa maandishi, na kiziwi awe na mkalimani wa lugha ya alama.

5. Chumba kifikike kwa kiti cha magurudumu, meza iwe na kimo kinachofaa, na umeme uwe na akiba. Kwetu tunaotegemea paneli za jua na jenereta, umeme ukikatika muda nao usimame.

6. Pale kompyuta isipofaa, mtihani wa nukta nundu au mwandishi aliyefunzwa uwepo, na alama zihesabike sawa.

Tutaambiwa fedha hakuna. NVDA, programu ya kusoma skrini iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, hutolewa bure, huendeshwa kutoka kwenye flashi bila intaneti, na inasoma Kifaransa. Tutaambiwa pia kwamba visikilizio vitaleta udanganyifu. Visikilizio ni vya chuo, vikaguliwe kabla ya mtihani, na programu husoma kilichopo kwenye skrini tu. Nchini Nigeria, ambako mtihani wa kuingia chuo kikuu hufanyika kwa kompyuta pekee tangu 2015, baraza linaloendesha mtihani huo, JAMB, liliunda mwaka 2017 kundi maalumu la kuwahudumia watahiniwa wasioona. Nchi yenye watahiniwa wengi kuliko sisi imeweza kuanza, nasi tunaweza.

Kwa upande wetu, tuko tayari kuwatoa wanachama wetu waijaribu programu ya chuo chochote kitakachotuita, kuwazoesha wanafunzi kibodi kabla ya kwenda mjini, na kukaa na wasimamizi kuwaeleza mahitaji ya kila ulemavu.

Tunaomba kila chuo kitoe jibu la maandishi kabla ya sesheni ijayo ya mitihani, kikitaja afisa atakayewajibika. Mwanafunzi atakayenyimwa marekebisho aandikiwe sababu, apewe nafasi ya kukata rufaa, na afanye mtihani wake upya bila kupoteza mwaka.

Limetolewa Lubutu, kwa niaba ya wanachama wote,
Kamati ya Uongozi