Turubai Limeandikwa, Mtu Hakuandikwa

Sisi tuliosoma tukitaka kumdharau mtu kwa neno moja, tunamwita utingo. Mwanasiasa akiropoka jukwaani, ana mdomo wa utingo. Mwenzetu aliyemaliza chuo akikubali kazi yoyote iliyopatikana, tunaulizana kwa kicheko kama sasa kawa utingo. Hatujiulizi huyo utingo hasa anafanya nini kutwa nzima. Tunadhani tunajua: anadandia, anapiga kelele, anaweka jiwe nyuma ya tairi.

Nilikaa miezi saba Makanya, wilayani Same, nikiandika hati za mizigo kwenye uwanja wa kupakia jasi. Naleta ubishi, na hoja yangu yote iko kwenye kitu kimoja: turubai.

Tuanze na uzito wake, maana wengi wetu turubai tunalolijua ni lile la msibani. Chukua turubai la plastiki nzito, gramu 650 kwa kila mita ya mraba, lenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 8. Piga hesabu. Ni zaidi ya kilo 60, na hapo ni kavu. Utingo analipandisha juu ya mzigo, mita tatu na ushee kutoka ardhini, halafu analitandaza akiwa amesimama juu ya kitu kinachoteleza au kumeguka. Na upepo wa tambarare za Same haupigi hodi. Ukiingia chini ya turubai lililofunguliwa nusu, linageuka tanga, na aliyelishika ndiye anayetakiwa kuamua, kwa sekunde moja, kama anaachia au anang'ang'ania.

Ndiyo maana kulikunja ni nusu ya kazi. Turubai lililokunjwa hovyo litafunguka hovyo. Wanaojua hulitandaza mahali pasipo na changarawe, kwa sababu jiwe dogo likibaki kwenye mikunjo litatoboa tundu safari nzima. Pande mbili hukunjwa kuelekea katikati, tena na tena, mpaka libaki kama mkeka mwembamba mrefu, kisha linaviringishwa. Likipandishwa, linafunguliwa katikati ya mzigo, halafu pande zinaangushwa kushoto na kulia. Hivyo mtu hana haja ya kutembea pembezoni. Kama ni maturubai mawili, la nyuma hutangulia na la mbele hulilalia, ili upepo wa mwendo usipate pa kuingilia. Baada ya hapo ndipo mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, na lile fundo linalozidi kukaza ukilivuta lakini likafunguka kwa mvuto mmoja ukiujua upande wake. Nilijaribu kulijifunza kwa wiki mbili. Acha tu.

Tena mzigo mmoja si sawa na mwingine. Jasi husagwa pamoja na klinka ili saruji isigande kabla fundi hajamaliza kazi yake. Inapakiwa Makanya, penye ukame, kwa kuwa milima ya Upare inazuia mvua itokayo baharini. Lakini lori likishika njia ya Tanga, huko mbele ya Mombo na Korogwe mvua inaweza kulikuta. Jasi ikilowa inaongezeka uzito, na mizani haitofautishi maji na jasi. Kwa hiyo hufunikwa kabisa, bila mwanya. Tangawizi inayoteremka kutoka Mamba Miamba ni kinyume chake. Ukiifunika namna hiyo itatoka jasho na kuoza, na mkulima aliyehangaika nayo miezi tisa atasikia sokoni kwamba mali yake ni mbovu. Utingo anayejua kazi huacha pembe wazi, hufunika mvua ikianza, hufunua ikikatika. Nani alimfundisha? Utingo mwenzake.

Huu ni ujuzi. Ungekuwa na jina la Kiingereza na cheti chenye muhuri, tungeuandika kwenye wasifu wetu.

Sasa nieleze karatasi, maana karatasi ndiyo iliyonitia hasira. Kabla lori halijatoka, nilijaza fomu ya makabidhiano. Namba ya kichwa, namba ya trela, jina la dereva, namba ya leseni yake. Kisha vifaa: tairi la akiba, jeki, spana ya magurudumu, pembetatu za tahadhari, turubai, kamba. Utingo hakuwamo. Nilipouliza, niliambiwa fomu haina nafasi hiyo, na kwamba huyo ni mtu wa dereva, si wa kampuni. Mmiliki alimlipa dereva. Dereva akamkatia kijana chochote kutoka kwenye posho yake ya safari.

Siku moja upepo uliinua turubai likiwa limefunguliwa nusu. Kijana wa Hedaru aliyekuwa juu hakuachia, kwa sababu likipotea au kuchanika hukatwa yeye. Alianguka upande wa barabara akavunjika nyonga. Suka alimchangia nauli na dawa kutoka mfukoni mwake, na bado jioni hiyo hiyo aliondoka na kijana mwingine, maana mzigo una saa zake. Kwenye fomu ya siku ile kuna maelezo, yameandikwa vizuri kabisa: turubai limechanika upande wa kushoto, nusu mita.

Nchi hii haikosi sheria. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Tunayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, yenye mfuko unaochangiwa na mwajiri, bila mfanyakazi kukatwa hata shilingi. Ni sheria nzuri. Ila zote mbili zinaanza na swali jepesi, mwajiri wako nani, na swali hilo kwa utingo wa malori limefanywa kuwa fumbo kwa makusudi. Dereva hana uwezo wa kuwa mwajiri. Mmiliki hataki. Mwenye mzigo anasema yeye amekodi usafiri tu.

Wamiliki wana jibu lao, nimelisikia mara nyingi: utingo yuko shule, anajifunza udereva, kesho naye atashika usukani. Haya. Shule hiyo ni ya miaka mingapi? Mtihani wake lini? Nimewakuta utingo wenye mvi. Na hata kama ni shule kweli, tangu lini mwanafunzi akivunjika nyonga shuleni anaambiwa si wa shule?

Wengine husema ndivyo biashara ya malori ilivyo duniani kote. Sivyo. Marekani, kampuni nyingi za trela za wazi humlipa dereva fedha ya ziada kila anapofunika mzigo. Ni malipo yanayojulikana, yana jina lake. Na yapo matrela ambayo turubai lake huvutwa kwa mkono wa chuma, mtu akiwa amesimama chini. Vifaa hivyo ni ghali, sikatai. Basi tuanze na kisicho ghali.

Baadhi yenu mnaosoma hapa mtaajiriwa kwenye ofisi za usafirishaji, Dar, Tanga, Arusha. Mtapewa kompyuta na kuambiwa mboreshe fomu. Ongezeni mstari mmoja: jina la anayefunika mzigo, na malipo yake. Mkiambiwa nafasi haitoshi, tazameni juu ya karatasi. Ile niliyokuwa nikiijaza mimi ilikuwa na nembo ya kampuni mara mbili.