Shoka la Kuangushia Silo la Kuchanjia

Katika maduka mengi ya vyombo vya chuma nchini Kenya, mtu akiuliza shoka huletewa lile lenye makali membamba, naye hulipa akaenda zake akiamini kwamba amekwisha kupata chombo cha kazi zote za kuni. Siku ya kuangusha mti hana la kulalamikia. Taabu huanza mti ukiwa umelala chini na kukatwa magogo, kwa maana shoka lile huzama ndani ya gogo likang'ang'ania humo, na mwenye kulitumia hupoteza nguvu nyingi katika kulichomoa kuliko alizotumia katika kulipiga.

Sababu yake ni nyepesi kufahamika. Kuangusha mti ni kukata nyuzi zake kwa kuzikingama, na kazi hiyo yataka makali membamba. Kuchanja ni kuzitenganisha nyuzi zilizolala pamoja, na kazi hiyo yataka unene kuliko ukali: chombo kiingie kidogo tu, kisha mashavu yake yausukume mti huku na huku hata ufunguke. Ndiyo maana shoka la kuchanjia lina kichwa kinene mfano wa kabari, chenye uzito wa kilo 2 na nusu hadi 3 na nusu, hali la kuangushia huwa na kilo 1 na nusu hadi 2. Shoka la kienyeji, ambalo mkia wa chuma chake hupenyezwa katika tundu la rungu, ni chombo kizuri sana cha kukatia matawi, na kila pigo hulikaza zaidi. Lakini kwa magogo ni jepesi mno, na pengine kinachopasuka ni rungu lenyewe badala ya kuni.

Kabla ya kununua chochote yafaa utazamwe mti unaopatikana karibu na nyumba. Mwerezi wa milimani, ambao Wakikuyu huuita mutarakwa, nyuzi zake zimenyoka, na kwa sababu hiyo nguzo za ua zimekuwa zikichanjwa kwa kabari bila msumeno. Muwati nao hausumbui. Mkaratusi, ulioletwa Kenya mwaka 1902 ili utoe kuni za magari ya moshi, una tabia yake: ukiwa mbichi hupasuka vyema, ukikauka huwa mgumu, na mara nyingi nyuzi zake zimejisokota. Hata hivyo wengi huyaacha magogo yake yakae miezi mingi juani ndipo wayaletee shoka. Wangechanja mapema wangepata faida mbili, kwani vipande vyembamba hukauka upesi kuliko gogo zima. Ama mutamaiyu, yaani mzeituni wa mwitu, na gogo lolote lenye vifundo, hayo ni ya kabari. Shoka litarudi bure.

Basi nyumba yenye fedha kidogo, na shoka moja jembamba lililokwisha nunuliwa, iongeze nini? Wanaume wengi watajibu kwamba ni shoka zito. Jawabu hilo lingefaa kama wao wenyewe ndio wachanjao. Katika nyumba nyingi za mashambani anayechanja ni mama, au mtoto aliyetoka shuleni, na shoka la kilo 3 likiinuliwa juu ya kichwa na mikono iliyochoka ni hatari kwa miguu. Tena nguvu ya pigo hutegemea mwendo kuliko uzito: uzito ukizidishwa mara mbili nguvu huwa mara mbili, bali mwendo ukizidishwa mara mbili nguvu huwa mara nne. Mtu asiyeweza kulishusha shoka zito kwa kasi hapati faida ya uzito aliolipia.

Kwa nyumba kama hiyo kabari mbili za chuma, za kilo 2 hivi kila moja, pamoja na nyundo ambayo mchanjaji huimudu, zina faida kubwa zaidi. Kabari hutiwa katika ufa ulioanza wenyewe mwishoni mwa gogo, hugongwa polepole hata isimame, ndipo hupigwa kwa nguvu. Ya kwanza ikikwama, ya pili hutiwa mbele yake katika ufa ule ule, na ya kwanza hulegea. Mwenye kabari moja tu, siku ikikwama, hana la kufanya ila kuchonga nyingine ya mti mgumu. Nayo hufaa, ingawa haidumu. Asithubutu kuligeuza shoka kuwa kabari na kulipiga kisogoni kwa nyundo, kwa kuwa tundu la mpini hupanuka au hupasuka, na shoka limekwisha.

Lakini kabari ina hatari yake, nayo ni ya macho. Kichwa chake kikipigwa siku nyingi hufumuka kama uyoga, na pigo moja laweza kuirusha kingo ya chuma kwa kasi kubwa mno. Kingo hizo ziondolewe kwa tupa au kwa cherehe mara zinapoanza kuonekana, na mpigaji avae miwani ya kukinga macho. Watoto wasisimame karibu kutazama.

Anayechanja kwa shoka naye aweke gogo lake juu ya kigogo kipana kinachofika chini kidogo ya goti, ili pigo likikosea liishie katika kigogo wala si katika muundi wa mguu.

Mpini uchaguliwe kwa jicho kabla ya mkono. Nyuzi zake zifuate urefu wote, tangu kichwani hata mwisho, bila kutokea ubavuni, na pasiwe na kifundo. Mtu mzima wa kimo cha kawaida atahitaji sentimita 80 au 90. Mpini uliopakwa rangi uachwe dukani, kwa kuwa rangi huficha nyufa. Muuzaji aulizwe ulio mtupu.