Neno la Mhariri: Nani Alishindwa Chicago?

Kila tunapotangaza toleo kuhusu haki za kiraia Marekani, makala zinazotufikia ni zilezile: King au Malcolm, nani alikuwa na msimamo zaidi, nani aliyauza mapambano. Mashabiki wa Simba na Yanga wana adabu kuliko baadhi ya waandishi wetu. Safari hii nyingi nimezirudisha kwa wenyewe. Zilizobaki zinahusu miji ya kaskazini na mambo yake: nyumba, shule, kodi ya pango. Anayeitafuta Selma ataikuta katika matoleo yetu ya nyuma.

Hata hivyo, kuna hukumu moja ambayo hata wachangiaji niliowachagua wanaikariri bila kuihoji: kwamba mwaka 1966, Chicago, harakati zilishindwa. Ushahidi wao wote ni nyendo za mtu mmoja. Januari King alihamia nyumba ya kupanga North Lawndale. Julai alibandika madai kwenye mlango wa ofisi za jiji. Tarehe 5 Agosti akapigwa jiwe la kichwa Marquette Park, na tarehe 26 akaketi na Meya Richard J. Daley na wakuu wa biashara ya nyumba, wakatoka na makubaliano yasiyo na ratiba wala meno. Hadithi imekwisha. Yaani mji wa mamilioni ya watu unaamka kiongozi anaposhuka kwenye ndege, na anapopanda unalala tena.

King alikwenda Chicago kwa sababu aliitwa, na waliomwita walikuwa kazini tayari. Mkuu wa shule za jiji, Benjamin Willis, aliona heri aweke madarasa ya kuhamishika kwenye viwanja vya shule za weusi zilizofurika, kuliko kuwaruhusu watoto hao wakakalie madawati matupu katika shule za weupe. Wazazi waliyaita mabehewa ya Willis, na wako waliojilaza chini kuzuia mashine za ujenzi. Tarehe 22 Oktoba 1963 wanafunzi zaidi ya 200,000 hawakwenda shule. Muungano ulioendesha mgomo huo, ambao baadaye ulimwalika King, uliongozwa na Al Raby, mwalimu wa shule. Makala mbili za toleo hili zimemtaja, zote kwenye mabano.

Tukija kwenye nyumba, naomba wasomaji wanivumilie, maana hapa ndipo ninapotaka kutua. Tangu 1934 shirika la serikali kuu la kudhamini mikopo ya nyumba liliihesabu mitaa ya weusi kuwa hatari, na mabenki yakaenda njia hiyohiyo. Mtu mweusi mwenye kazi na akiba hakupata mkopo. Ndipo alipoingia dalali. Clyde Ross, mzaliwa wa Clarksdale, Mississippi, alinunua nyumba North Lawndale mwaka 1961 kwa dola 27,500. Muuzaji alikuwa ameinunua miezi sita tu nyuma kwa dola 12,000. Ross hakupewa hati. Alipewa mkataba wa kulipa kidogo kidogo. Bima juu yake, kodi juu yake, bomba likipasuka juu yake, na hati ingebaki kwa muuzaji hadi senti ya mwisho. Ukikosa awamu moja unafukuzwa, ulichokwisha kulipa kinapotea, na nyumba inauzwa tena kwa mwingine kwa masharti yaleyale.

Beryl Satter, katika kitabu chake cha 2009, anaonyesha kilichofuata. Ili asikose awamu, baba alishika kazi mbili, mama naye akatoka, vyumba vikapangishwa, ukarabati ukaahirishwa. Mtaa ukachakaa. Kisha wale wale waliouchakaza wakanyoosha kidole: mnaona, weusi wakihamia, mtaa unaharibika.

Mwaka 1968 Ross na majirani zake waliunda umoja wa wanunuzi wa mikataba na mamia yao wakaacha kuwalipa madalali. Vyombo vya waliofukuzwa vilipotupwa barabarani, majirani walivibeba wakavirudisha ndani. Mahakamani walishindwa, lakini mikataba mingi ilijadiliwa upya na bei zikashuka. Hayo yote yalitokea North Lawndale, mtaa uleule aliopanga King, baada ya harakati “kufa”. Umoja huo ulikuwa na viongozi hodari; walichokosa ni picha ukutani. Tunaobishana juu ya uongozi tungeanzia hapo.

Kuhusu yaliyomo: makala juu ya mgomo wa shule za New York wa Februari 1964 ndiyo bora ya toleo hili, hasa inapomchambua Bayard Rustin kama mpangaji wa shughuli, si kama msaidizi wa mtu. Ya Milwaukee na usiku 200 wa maandamano ya Padri James Groppi ni fupi na haina makuu. Ya Los Angeles inatoka kwenye ghasia za Watts za 1965 hadi Kwanzaa, iliyoanzishwa mwaka uliofuata, na najua wasomaji watafurahi kukuta Kiswahili ugenini. Mimi ningefurahi zaidi kama mwandishi angetuambia chumba Watts kilipangishwa kwa kiasi gani.

Makala ya mwisho inamtetea Daley: kwamba alikuwa mateka wa wapigakura wake weupe, na kwamba mwanasiasa yeyote angefanya vilevile. Nimeichapa nzima. Lakini katika uchaguzi wa 1963 weupe wengi walimpigia mpinzani wake, na kura zilizomwokoa zilitoka kata za weusi, zilizokusanywa na watu wa mbunge William Dawson. Mwandishi ana kurasa kumi na nne, na hakuna hata moja inayolieleza deni hilo.