India yalipa historia yake kwa bei ya bangili

MKULIMA wa India anapofukua chungu cha sarafu za kale shambani mwake, sheria humtaka amjulishe mkuu wa wilaya. Mara nyingi, hata hivyo, anayepata habari wa kwanza ni sonara.

Sababu yake si ujinga wa mkulima, bali ni sheria yenyewe. Sheria ya hazina zilizofichwa ardhini ilitungwa na wakoloni Waingereza mwaka wa 1878, nayo ingali inatumika. Inahusu hazina yoyote yenye thamani ya zaidi ya rupia 10. Serikali ikiamua kuichukua, hulipa thamani ya madini yaliyomo, na kuongeza sehemu moja kwa tano ya thamani hiyo.

Kwa maneno mengine, sarafu ya fedha yenye umri wa miaka 2,000 hupimwa kwenye mizani kama bangili iliyovunjika. Mnunuzi wa sarafu adimu yuko tayari kulipa mara nyingi zaidi, naye haulizi maswali. Sonara hulipa kidogo, lakini haandiki ripoti.

Mnamo 1946, hazina kubwa ya sarafu za dhahabu za wafalme wa Gupta ilipatikana karibu na Bayana, katika Rajasthan ya leo. Zilizookolewa zilikuwa 1,821. Nyingine zilikuwa tayari zimeyeyushwa.

Kuna sheria ya pili, ya 1972, ambayo ilianza kutekelezwa 1976. Hii inahesabu sarafu yoyote yenye umri wa miaka 100 au zaidi kuwa kitu cha kale, na inamzuia mtu binafsi kuitoa nchini. Kukusanya sarafu ndani ya India si kosa. Sheria hiyo basi inalinda mpaka, lakini shamba limeachwa wazi.

Ubaya wa kuvunja chungu hauonekani hadi mtu aelewe jinsi sarafu hizi zinavyotambuliwa. Sarafu za kwanza za India, zilizoanza kutengenezwa karne kadhaa kabla ya Kristo, ni vipande vyembamba vya fedha vilivyokatwa bila umbo maalum. Nyingi zina uzani wa takriban gramu 3.4. Upande mmoja umegongwa mihuri, kwa kawaida mitano: jua, mlima, ndovu, fahali na kadhalika. Hazina jina la mfalme wala mwaka.

Mtaalamu huzipanga kwa kulinganisha mihuri iliyo pamoja. P. L. Gupta na Terry Hardaker walizichapishia orodha, na wakusanyaji wengi huitumia hadi leo. Lakini kujua aina ya sarafu si kujua ilitengenezwa lini. Umri wake hutegemea zaidi kilichozikwa pamoja nayo.

Mfano ni Taxila, ambayo sasa iko Pakistan. Mnamo 1924 zilifukuliwa huko zaidi ya sarafu 1,000 za namna hii, na kati yazo zilikuwemo sarafu chache za Kigiriki, za Alexander na mrithi wake Philip Arrhidaeus, zikiwa bado hazijachakaa. Ni hizo zilizowawezesha wataalamu kukadiria kwamba chungu kilizikwa mwishoni mwa karne ya nne kabla ya Kristo. Laiti mfanyabiashara angaliziuza kando sarafu hizo za Kigiriki, zile nyingine zingalibaki bubu.

Ushahidi wa Jogalthembi, wilayani Nashik, una uzito zaidi. Mnamo 1906 zilipatikana huko zaidi ya sarafu 13,000 za fedha za mtawala Nahapana. Zaidi ya 9,000 kati yazo zilikuwa zimegongwa upya kwa mihuri ya Gautamiputra Satakarni, mfalme wa Satavahana. Maandishi ya pangoni huko Nashik yalikuwa yakimsifu mfalme huyo kwa kuung'oa ukoo wa Nahapana, lakini sifa za mfalme ni sifa tu. Chungu hicho kilionyesha mshindi akiichukua fedha ya mshindwa na kuigonga kwa maelfu. Sarafu mbili tatu mnadani zisingeweza kuonyesha ukubwa wa tendo hilo.

Wakenya hawako mbali na habari hii. Neno pesa limetokana na paisa ya Kihindi, na rupia ilitumika hapa nchini hadi 1920.

Kinaya ni kwamba Waingereza, walioiachia India sheria ya 1878, wana utaratibu tofauti kwao. Chini ya sheria yao ya 1996, jumba la makumbusho likitaka hazina, zawadi hukadiriwa kwa bei ya soko. Wapo wanaohofu kwamba malipo manono yatawatuma watu kuchimbua magofu usiku. Hofu hiyo ina msingi, lakini inaweza kutatuliwa kwa kumnyima malipo anayechimba pasipo ruhusa. Mkulima aliyegonga chungu kwa jembe la plau hana hatia hiyo.

Mnamo Julai 2024, India na Marekani zilitia saini mkataba wa kuzuia biashara haramu ya vitu vya kale. Mkataba kama huo unaweza kusaidia kurudisha kilichovuka bahari. Hata hivyo, sarafu itakayorudi New Delhi ikiwa imesuguliwa kwa tindikali, bila jina la kijiji ilikotoka, itapewa nambari ya orodha na kuwekwa kabatini.