Wanga, Sukari na Seli: Istilahi Bila Maelezo ni Ghala Lililofungwa

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili wa kubeba maarifa ya sayansi ni wa miaka mingi. Kila unapozuka, wapinzani hudai kwamba lugha hii haina msamiati, nao watetezi huwajibu kwa kuorodhesha istilahi. Makala haya yanashikilia kuwa pande zote mbili zinazungumzia jambo lisilo kiini cha tatizo. Istilahi zipo, na nyingi zimekuwapo kwa zaidi ya miaka 30. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kinachokosekana ni maelezo, yaani nathari ya Kiswahili inayomwongoza msomaji asiye mtaalamu kutoka jambo analolijua hadi jambo asilolijua. Mada ya seli na kabohaidreti, ambayo ni mlango wa somo la biokemia, inatosha kuonyesha hasara inayotokana na pengo hilo.

Mfano mwafaka unapatikana Mlolongo, katika Kaunti ya Machakos. Mji huu ulikua kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, palipokuwa na kituo cha mizani, na inaelezwa kuwa jina lake lilitokana na malori yaliyopanga foleni yakisubiri kupimwa uzito. Leo ndipo inapoanzia barabara ya juu ya kilomita 27 iendayo Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022. Wanaopita na kuishi hapo ni watu wa makabila mengi: madereva wa masafa marefu, utingo, wafanyakazi wa viwanda vya Athi River, akina mama wa vibanda vya chakula. Lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Dereva aliyeketi kwenye usukani kutwa nzima hushuka akaagiza sahani ya ugali, au chapati mbili na chai. Iwapo siku moja ataambiwa zahanatini kwamba ana ugonjwa wa sukari, maelezo atakayoyaelewa ni yale yatakayotolewa kwa lugha hiyo.

Hapo ndipo tatizo linapojitokeza. Katika Kiswahili cha kila siku, neno "sukari" lina maana tatu. Kwanza, ni ile chengachenga tamu itiwayo kwenye chai. Pili, ni kile kinachopimwa katika damu. Tatu, ni ugonjwa wenyewe, kama isemwavyo kwamba fulani "ana sukari". Mgonjwa anapoambiwa apunguze sukari, ni jambo la kawaida aielewe kauli hiyo kwa maana ya kwanza. Ataanza kunywa chai kavu isiyotiwa kitu, ajipongeze kwa kujinyima, kisha aumege ugali wake kama alivyozoea. Hajakaidi agizo, amelitii kama lugha ilivyomfikishia.

Biokemia ina jibu fupi kwa fumbo hili. Kabohaidreti ni kundi la michanganyiko iliyojengwa kwa kaboni, hidrojeni na oksijeni. Ndani yake mna sukari sahili, kama vile glukosi na fruktosi. Mna sukari zilizoungana mbilimbili. Sukari ya mezani, kwa mfano, ni glukosi moja iliyoshikamana na fruktosi moja. Mna pia molekuli ndefu zilizojengwa kwa mamia au maelfu ya glukosi zilizofuatana. Wanga wa mahindi, muhogo, viazi na ngano ni wa kundi hili la mwisho. Wanga, kwa maneno mengine, ni mlolongo wa glukosi. Hauna ladha tamu kwa sababu molekuli zake ni ndefu mno kutambuliwa na ulimi kuwa sukari. Hata hivyo, mtu akitafuna kipande cha ugali au mkate kwa dakika kadhaa bila kukimeza, ataanza kuhisi utamu kidogo. Kimeng'enya kilichomo mateni, kiitwacho amilesi, kinakuwa kimeshaanza kuukata mlolongo huo. Kazi hiyo hukamilishwa katika utumbo mwembamba, na kinachoingia katika damu ni glukosi.

Takriban robo tatu ya uzito wa unga wa mahindi ni kabohaidreti, na sehemu kubwa yake ni wanga. Mtu mwenye njaa akimaliza ugali uliosongwa kwa gramu 200 za unga, amekula karibu gramu 150 za kabohaidreti. Kijiko kidogo cha chai hubeba gramu 4 hivi za sukari. Kwa hiyo sahani ile ina kabohaidreti sawa na ya vijiko zaidi ya 30. Mgonjwa aliyeacha vijiko viwili vya sukari katika chai yake hakupata kuelezwa hesabu hii.

Glukosi ikishaingia katika damu, safari yake haijaisha. Mahali inapohitajika ni ndani ya seli. Kila seli imezungukwa na utando unaochagua kiingiacho na kitokacho. Seli za misuli na za mafuta hufungua njia ya kutosha kwa glukosi zinapopata ishara ya insulini, homoni inayotolewa na kongosho. Ndani ya seli, glukosi huvunjwa hatua kwa hatua, kwanza katika utegili wa seli na kisha katika mitokondria, ili kupata nishati. Ziada huhifadhiwa katika ini na misuli kama glikojeni, ambayo nayo ni mlolongo wa glukosi wenye matawi mengi. Insulini isipotolewa, au seli zisipoiitikia ipasavyo, glukosi hukwama katika damu. Mkazi wa Mlolongo hahitaji tashbihi ya kigeni ili kuelewa jambo hili. Ni kama siku malori yanapojaa barabarani kwa kuwa lango la ghala halifunguki: nje kuna msongamano, ndani kuna uhaba. Ndiyo maana mgonjwa huweza kuwa na sukari nyingi katika damu na wakati uo huo akahisi uchovu na njaa.

Maelezo hayo yote yametolewa kwa Kiswahili, na istilahi ngeni zilizomo ni chache. Hata hivyo, si haki kudai kwamba istilahi zilizopo hazina kasoro. Iko moja inayohitaji kutatuliwa haraka. Katika mazungumzo ya afya na lishe, neno "wanga" hutumiwa kwa maana mbili: wakati mwingine huwa ni jina la kabohaidreti zote, na wakati mwingine huwa ni jina la ule mlolongo wa glukosi uliomo katika nafaka na mizizi. Wanaotetea maana pana husema kuwa neno hilo ni fupi na limezoeleka. Hoja yao ina uzito, lakini matokeo yake ni mabaya. Ikiwa kabohaidreti zote ni wanga, basi sukari ya mezani nayo ni wanga, na sentensi muhimu kuliko zote katika somo hili, kwamba wanga huvunjwa kuwa sukari, hupoteza maana. Inafaa basi "kabohaidreti" libaki kuwa jina la kundi zima, na "wanga" libaki kwa kile kinachopatikana katika unga. Kuhusu hofu kwamba msikilizaji atawakumbuka wale wanga wa usiku, hiyo ni hofu ya utani. Wale ni wingi wa mwanga na upatanisho wao ni wa viumbe. Wanga wa muhogo una ngeli yake. Sarufi huwatenganisha bila taabu.

Istilahi "seli" nayo imewahi kulaumiwa kwamba inamkumbusha msikilizaji kituo cha polisi. Lawama hii inasahau historia. Mwaka 1665, Robert Hooke wa Uingereza alitazama kipande cha gome kwa hadubini, akaona vijumba vidogo vidogo, akavipa jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya chumba kidogo. Seli ya mahabusu na seli ya mwili zina asili moja. Mwalimu anayelijua hili hatalikimbia neno, atalitumia kufundishia. Kinyume chake, "chembe" lina kazi nyingi mno, kwa kuwa hutaja punje, kipande kidogo cha kitu chochote, na hata kiasi kidogo cha jambo lisiloshikika, kama chembe ya shaka. Liachwe katika semi zilizokwisha kuota mizizi, kama vile chembe nyeupe za damu, ila lisipewe mzigo wa somo zima. Kwa upande mwingine, "kimeng'enya" ni ushahidi kwamba lugha ikitumia viungo vyake yenyewe hupata neno linalojieleza. Anayejua kumeng'enya ni nini ameshafika nusu ya njia.

Wapo watakaosema kuwa kazi hii ni ya wanasayansi, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili abaki na ushairi na fonolojia yake. Dai hili ni dhaifu. Nchini Kenya mwanasayansi hufundishwa kwa Kiingereza tangu shuleni hadi chuoni, na anapotakiwa kueleza kwa Kiswahili hushika neno lililo karibu. Mwenye ujuzi wa semantiki, uundaji wa maneno na mitindo ya uandishi ni mwanafunzi wa Kiswahili. Kila mmoja ana nusu ya kinachohitajika. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, lakini kifungu cha sheria hakiwezi kuandika aya moja kuhusu insulini. Aya hiyo sharti iandikwe na mtu.

Wengine watahofu kwamba maelezo nusunusu yatawapotosha wagonjwa. Hofu hii ni ya kweli, nayo ndiyo inayodai umakini. Mtu akisikia tu kwamba ugali hugeuka sukari, anaweza kuacha kula kabisa huku akiendelea kutumia dawa, na sukari katika damu ikashuka hadi kiwango cha hatari. Maelezo kamili yatamwambia kuwa jambo la kuzingatia ni kipimo, mchanganyiko wa chakula na ushauri wa mhudumu wa afya anayemtibu. Yatamweleza pia kwamba kabohaidreti hazilingani. Gamba la punje ya hindi lina selulosi, ambayo pia ni mlolongo wa glukosi, ila glukosi zake zimeunganishwa kwa namna ambayo vimeng'enya vya binadamu haviwezi kuikata. Muthokoi wa Ukambani ni mahindi yaliyotwangwa yakaondolewa gamba hilo. Isyo hupikwa mahindi yakiwa na gamba lake. Hivyo tofauti ya vyakula viwili vinavyojulikana na kila nyumba ya Machakos inatosha kuwa somo la wanga na selulosi, na jiko la nyumbani likawa maabara.

Kutokana na hayo, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili havina budi kubadili namna vinavyoitumikia lugha ya sayansi. Makongamano ya kutunga orodha za maneno yamefanya kazi yake. Sasa kila toleo la jarida la chama lingeweza kuwa na makala moja ya sayansi iliyoandikwa kwa ushirikiano wa mwanafunzi wa Kiswahili na mwenzake wa biokemia, uuguzi au lishe. Kabla ya kuchapishwa, makala hiyo isomwe kwa watu wasio wa chuo: dereva, mama wa kibanda, fundi wa magari. Neno litakalowakwaza liandikwe upya, na sentensi watakayoielewa kinyume ifutwe. Istilahi moja itumike kwa kitu kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Utaratibu huu hauhitaji fedha nyingi wala idhini ya wizara. Unahitaji unyenyekevu wa msomi kukubali kusahihishwa na mtu asiye na shahada, kwani mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kipimo cha ukuaji wa Kiswahili katika sayansi kisiwe idadi ya vidahizo vilivyoongezwa katika kamusi. Kiwe ni iwapo mtu wa Mlolongo aliyeambiwa ana ugonjwa wa sukari anaweza kumweleza mkewe, kwa maneno yake mwenyewe, kwa nini sahani ya ugali ipunguzwe na mboga ziongezwe. Akiweza, basi istilahi zile za mwaka 1990 zitakuwa zimetoka ghalani.